Wajapani wana sake, sisi tuna busaa: Tuiweke mezani kando ya ingokho

Ukitaka kumjua mtu anayekiheshimu kinywaji chake, usihesabu chupa. Tazama sahani. Mjapani akimiminiwa sake, aghalabu utakuta kitu cha kutafuna kando yake: kipande cha samaki, figili ya kuchachushwa, maharagwe machanga ya soya, au chochote kidogo chenye chumvi. Sasa sisi vijana wa Kakamega, wikendi ikifika, sahani iko wapi? Tunaagiza chupa kwanza, tunakunywa tumbo likiwa tupu, halafu saa sita usiku ndio tunakumbuka smokie na mayai ya kuchemsha pale stejini.

Siku hizi sake imekuwa gumzo hata kwetu. Ukiingia mitandaoni utaona watu wa Nairobi wakipiga picha vikombe vidogo kwenye mikahawa ya Kijapani, wakieleza jinsi sake hii inavyoenda na samaki mbichi na ile inavyoenda na nyama ya kuchoma. Mimi sina neno nao. Kuonja vya wenzetu ni jambo zuri. Ila nina swali kwako wewe uliyezaliwa Lurambi, Amalemba, Shinyalu au Malava: je, umewahi kukionja kinywaji cha nyumbani kwenu kwa makini namna hiyo?

Namaanisha busaa. Amalwa. Ile pombe ya mahindi na wimbi ambayo kuka wako aliinywa kwa mrija mrefu kutoka kwenye mtungi, na ambayo wewe unaifahamu tu kama kitu cha kunyweka mafichoni, kwenye mkebe, ukiwa umetega sikio kama chifu anakuja.

Hoja yangu ni hii: sake haikupewa heshima kwa sababu mchele ni bora kuliko wimbi. Iliipata kwa sababu Wajapani waliiweka mezani pamoja na chakula, wakajifunza kuionja kidogo kidogo, na mwishowe wakaitengenezea sheria inayomtambua hata mkulima anayeitengeneza kidogo. Busaa inaweza kupitia njia hiyo hiyo, na sisi ndio tunaopaswa kuianza hiyo safari.

Kwanza tuielewe sake yenyewe

Wengi hudhani sake ni waini ya mchele. Wengine, kwa kuwa haina rangi, huidhania ni kama vodka. Yote mawili si kweli. Kwa utengenezaji wake sake iko karibu zaidi na bia: ni nafaka iliyochachushwa, wala haivukizwi kwenye moto kama chang'aa.

Mchele hukobolewa kwanza, na hapo ndipo madaraja yanapoanzia. Ile inayoitwa ginjo hutengenezwa kwa mchele uliokobolewa hadi kikabaki asilimia 60 ya punje au chini ya hapo. Daiginjo ni asilimia 50 au chini. Yaani nusu ya punje inaondolewa ili kubaki kiini chenye wanga safi. Kisha mchele huoshwa, hulowekwa na kupikwa kwa mvuke, na sehemu yake hunyunyiziwa mbegu za ukungu uitwao koji.

Usishtuke kusikia ukungu. Wanga wa nafaka hauwezi kugeuka pombe moja kwa moja. Lazima kwanza ugeuke sukari, ndipo hamira ipate cha kula. Kwa sake, koji ndiyo inayofanya kazi hiyo ya kugeuza wanga. Baada ya wiki kadhaa mchanganyiko hukamuliwa na kuchujwa, na kinachotoka huwa na kileo cha asilimia 15 au 16 hivi. Ndiyo maana hunywewa kwa vikombe vidogo sana. Ukiigugumia kama bia, itakulaza chini mapema.

Sasa njoo nyumbani

Mama anayetengeneza busaa Khayega hajawahi kusikia habari za koji, lakini tatizo analotatua ni lile lile. Anachukua unga wa mahindi, anaukanda kwa maji kidogo, anaufunika na kuuacha siku mbili tatu uchachuke. Ule unga uliochacha anaukaanga juu ya bati au karai pana, kwenye moto wa kuni, akiugeuza geuza mpaka uwe wa hudhurungi na harufu yake ifike kwa jirani. Kando ana wimbi aliloliloweka, akaliacha lichipue, akalianika na kulisaga. Hicho ndicho kimea. Anachanganya unga uliokaangwa, kimea na maji, anaacha siku chache, kisha anachuja.

Kile kimea cha wimbi ndicho koji yetu. Mbegu ikichipua hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na hamira huendelea kutoka hapo. Wakati huo huo wanaingia bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa ya wale wanaogandisha maziwa ya mala na kuupa uji wa kuchacha ule ukali wake. Hata Japani kuna aina za zamani za sake ambazo hutegemea bakteria wa namna hiyo mwanzoni ili kuzuia wadudu wabaya. Watu wawili wasiojuana, mmoja Asia na mwingine magharibi mwa Kenya, kumbe walimaliza mtihani mmoja.

Tofauti kubwa ni nguvu. Busaa iliyotengenezwa vizuri, bila kuongezwa kitu, huwa na kileo cha asilimia 2 hadi 4 hivi. Ni robo ya sake au hata chini ya hapo. Pia haichujwi ikawa safi kama maji. Ni nzito, ina rangi ya udongo mwepesi, na inaendelea kuchacha hata ukiwa unainywa. Kwa hiyo haikai. Leo ni tamu, kesho ni kali, keshokutwa ni siki.

Kama kuna kinywaji cha Japani kinachofanana nayo hasa, ni doburoku: pombe ya mchele isiyochujwa, yenye weupe mzito, iliyokuwa ikitengenezwa na wakulima majumbani mwao. Shika jina hilo, tutalirudia.

Kuonja si kubugia

Wajapani wana adabu za kuonja ambazo hazihitaji pesa. Unaweza kuzitumia kwa busaa bila kubadilisha chochote isipokuwa mwendo wako.

Anza na kiasi. Kikombe kidogo cha sake kinabeba kama vijiko vitatu au vinne vya supu. Kwa busaa, nusu kikombe cha chai kinatosha kuanza. Tazama rangi. Je, ni hudhurungi ya mkate uliookwa, au imekuwa nyeusi kwa sababu unga uliungua kwenye bati? Nusa. Busaa nzuri ina harufu tatu: ya nafaka iliyokaangwa, ya mala, na kwa mbali moshi wa kuni. Ukinusa kitu kama rangi ya ukutani, au kitu kinachochoma pua, weka chini. Hiyo si busaa tena, na hakuna ujasiri wowote katika kuinywa.

Sasa onja. Iache kidogo ulimini. Ukali unakuja kwanza, halafu utamu wa kimea, halafu ule uchungu mwepesi wa kitu kilichokaangwa. Unga wa wimbi unabaki kwenye meno. Watu wengi hawajawahi kuyasikia haya kwa sababu mkebe wa kwanza huwa umeisha kabla ulimi haujaamka.

Halafu kuna joto. Sake hunywewa baridi, au ya hali ya chumba, au ikiwa imepashwa hadi nyuzi 40 au 50, kulingana na aina yake na chakula kilichopo. Wazee wetu nao walijua jambo hilo. Kwenye mtungi wa mirija huongezwa maji moto, na busaa hunywewa ikiwa vuguvugu. Vuguvugu huleta mbele harufu ya nafaka na kupunguza makali. Jaribu ya baridi na ya vuguvugu siku moja, uone kama ni kinywaji kimoja.

Jambo la mwisho ni maji. Mnywaji wa sake mwenye adabu huwa na glasi ya maji kando, na Wajapani wana jina maalum la maji hayo, linalobeba maana ya kulainisha. Wewe pia weka maji. Ulimi unasafishika, na asubuhi yako haiwi ya kushika kichwa.

Sahani ya Kakamega

Hapa ndipo ninapotaka ukae vizuri. Kanuni ya kuoanisha kinywaji na chakula si siri ya mikahawa ya bei ghali. Ni kuuliza maswali mawili. Je, kinywaji kinasafisha kile chakula kilichoacha mdomoni? Na je, kuna ladha moja iliyo katika vyote viwili inayoweza kuvishikanisha?

Tuanze na ingokho, maana bila kuku hatujaanza mazungumzo huku kwetu. Kuku wa kienyeji aliyechemshwa polepole, kisha akabanikwa au kukaushwa juu ya moto, ana mafuta yanayoganda mdomoni. Ukali wa busaa unayakata hayo mafuta, na moshi wa kuku unakutana na moshi wa unga uliokaangwa. Wajapani wana mishikaki yao ya kuku wa kuchoma wanayoila na sake kwa sababu hiyo hiyo. Ukiongeza obusuma wa wimbi, nafaka ile ile iliyo kwenye kikombe inakuwa pia kwenye sahani. Kwangu mimi hapo ndipo busaa inapokaa vizuri kuliko pengine popote.

Pili, omena. Samaki waliokaushwa wana ule utamu mzito wa nyama na supu, ambao Wajapani huuita umami. Sake ina sifa ya kuubeba utamu huo na kuficha shombo ya samaki. Busaa haina uwezo sawa, lakini ukali wake unafanya kazi ya ndimu. Kaanga omena mpaka wavunjike mdomoni, bila nyanya nyingi, uweke chumvi kidogo. Hapo una kitafunio cha bei ya mfukoni mwako.

Tatu, mboga. Tsisaga zina uchungu, na ndiyo sababu hupikwa na maziwa. Busaa iliyo changa, ambayo bado ina utamu wa kimea, inaupokea ule uchungu vizuri. Mrenda ni kesi nyingine. Utelezi wake unaufunika ulimi wote, na busaa iliyokomaa zaidi, yenye ukali, inaufungua tena ili tonge linalofuata lionje kama la kwanza. Kwa hiyo umri wa busaa una maana: siku ya kwanza pamoja na tsisaga, siku ya pili pamoja na mrenda.

Nne, mvua zikinyesha, tsiswa. Kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo ni kitafunio kamili. Wana mafuta, wana chumvi, wanavunjika. Mtu akikuletea karanga za pakiti wakati wa tsiswa, mwonee huruma.

Tano, mushenye. Viazi vitamu na maharagwe yaliyopondwa yana utamu mzito, na busaa inaufanya uwe mwepesi. Ila chukua kidogo, manake vyote viwili vinashibisha.

Na visivyofaa? Kachumbari yenye siki au ndimu nyingi, kwa sababu ukali juu ya ukali unaua vyote viwili. Chipsi zilizomwagiwa sosi ya nyanya, kwa sababu hiyo hiyo. Pilipili kali sana, maana ulimi ukishawaka hausikii nafaka. Na mandazi, ambayo yatafanya busaa ionekane kama imeharibika.

Kama hunywi pombe, iwe ni kwa imani, kwa afya au kwa uamuzi wako tu, hujaachwa nje. Katika nyumba nyingi za Kakamega kanisa liliiondoa pombe mezani miaka mingi iliyopita, na uamuzi huo ni wa kuheshimiwa. Uji wa wimbi uliochachushwa una ukali ule ule wa laktiki. Jaribu uji huo na ingokho na mrenda, kanuni zote nilizotaja zinafanya kazi.

Kwa nini basi busaa iko kichochoroni?

Usidhani Japani mambo yalikuwa laini siku zote. Mwaka 1899 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kutengeneza pombe nyumbani. Haikuwa kwa ajili ya afya ya wananchi. Ilikuwa kodi. Wakati huo kodi ya pombe ilileta karibu theluthi moja ya mapato ya kodi ya serikali, na mkulima aliyejitengenezea doburoku alikuwa hailipi. Basi doburoku ikaingia mafichoni, wakaguzi wakawa wanaisaka mashambani. Je, hadithi hii haifanani na unayoijua?

Ila mwaka 2003 walifanya jambo la busara. Serikali ilikuwa imeanzisha maeneo maalum yenye masharti mepesi, na mji wa Tono, mkoani Iwate, ukawa wa kwanza kuruhusiwa kutengeneza doburoku chini ya mpango huo. Leseni ya kawaida ilidai mtengenezaji atoe angalau lita 6,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima mdogo hawezi. Katika maeneo hayo, mkulima anayelima mchele wake na mwenye nyumba ya wageni au mkahawa aliondolewa sharti la kiasi hicho. Angalia vizuri walichofanya: waliifunga pombe na shamba upande mmoja, na meza ya chakula upande wa pili. Mgeni anaenda kijijini, anakula, anaonja, analala, anaacha pesa pale pale.

Sisi je? Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliifuta ile iliyopiga marufuku chang'aa, na ikataka kila anayetengeneza au kuuza kileo awe na leseni. Mwaka huo huo Katiba mpya iliupa kaunti mamlaka ya kutoa leseni za pombe. Ukisoma Jedwali la Nne utakuta leseni hizo zimewekwa katika kifungu kimoja na shughuli za kitamaduni, maktaba na makavazi. Yaani Katiba yenyewe imeiweka pombe karibu na utamaduni. Ni sisi tulioiacha karibu na seli.

Wakati huo, mwaka 2004, Senator Keg iliingia sokoni kwa kupunguziwa ushuru, ili mnyonge apate bia nafuu badala ya pombe haramu. Sipingi. Wakulima wa mtama wamefaidika. Ninachouliza ni hiki: kama inawezekana kumlegezea masharti mwenye kiwanda, kwa nini haiwezekani kumtengenezea njia mama mwenye mitungi miwili, ambaye karo ya watoto wake inatoka humo? Yeye akifikiwa na serikali, mara nyingi ni kwa pombe kumwagwa chini na faini kortini. Juma linalofuata anaanza tena, safari hii kwa siri zaidi na kwa usafi mdogo zaidi, maana aliye mafichoni hana muda wa kusugua pipa.

Nayasikia majibu yako

Utaniambia pombe inaua. Ni kweli. Februari 2024 watu walikufa katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa pombe haramu, na serikali ikatangaza msako wa nchi nzima. Shirika la Afya Duniani nalo lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Sitakudanganya kwamba busaa ni dawa. Kama hujaanza kunywa, hakuna sababu yoyote katika makala haya ya kuanza. Kama una chini ya miaka 18, sheria inakukataza, na mimi pia nakukataza.

Lakini tuweke mambo sawa. Anayeweka kemikali kwenye chang'aa na anayechachusha wimbi kwa siku tatu hawafanyi kazi moja. Tukiwaita wote kwa jina moja, yule wa pili hana faida yoyote ya kubaki mwaminifu. Na kijana asiye na pesa hatakunywa kidogo eti kwa sababu busaa imefukuzwa. Atahamia kwenye kichupa cha pombe kali cha bei nafuu, chenye kileo cha asilimia 40 hivi, mara kumi ya kile cha busaa, na bila sahani.

Kuna hatari moja ya busaa ambayo ni ya kweli na inapaswa kutajwa: mahindi mabovu. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo inaweza kutoa sumu ya aflatoksini. Kuyachachusha na kuyakaanga hakukuhakikishii kwamba sumu hiyo imekwisha. Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo: koji ya Wajapani ni jamaa wa karibu sana wa kuvu hiyo. Wao walimfuga yule ndugu mpole kwa karne nyingi na kumjenga uchumi juu yake. Sisi bado tunawaachia akina mama wapambane na yule ndugu muuaji peke yao, bila kipimo, kwa kutazama tu rangi ya punje. Leseni ingekuwa na maana kama ingekuja na mtu wa kupima mahindi.

Nani ataanza?

Urithi wetu dunia imeshauona kabla yetu. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Vyakula vya asili vya Waisukha viliandikwa na watafiti katika mradi wa kuhifadhi mapishi, na mwaka 2021 UNESCO ikaitambua kazi ya Kenya ya kuinua vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa. Desemba 2024 ilikuwa zamu ya ujuzi wa kutengeneza sake kwa koji kuingia kwenye orodha ya urithi. Ngoma tunayo, chakula tunacho. Kinywaji kilichokuwa katikati ya hivyo viwili ndicho tumekiacha kiwe aibu.

Ningependa kuona kaunti ikitoa leseni ndogo, ya bei ambayo mama mmoja anaweza kuilipa, kwa masharti yanayoeleweka: mahindi yapimwe, maji yawe safi, kiasi kiwe na kikomo, watoto wasiuziwe, na busaa iuzwe pale tu panapouzwa chakula. Sharti hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko papa hapa mjini, na wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti hawakosekani. Wafinyanzi wa Ilesi wako kando ya barabara ya kwenda Kisumu, mitungi yao imepangwa jua likiiwakia. Wanaweza kufinyanga vikombe vidogo vya kuonjea wiki hii hii, ukiwaagiza.

Lakini kaunti haiendi mbele ya watu wake. Mwenye mkahawa anayepika ingokho hataomba leseni ya busaa kama wateja wake wanaiona ni kinywaji cha walioshindwa na maisha. Mwakilishi wa wadi hatapeleka mswada kama vijana hawaulizi. Kwa hiyo anza na lililo mikononi mwako. Ukinywa, usinywe bila sahani. Ukionja, sema ulichoonja, kwa Kiluhya, kwa Kiswahili, kwa Sheng, yoyote ile. Acha kumcheka mwenzako anayeuliza busaa imetengenezwa na nani na lini, maana mteja wa sake anauliza maswali hayo hayo na anaitwa mjuzi.

Na ukienda nyumbani wikendi hii, kaa na kukhu wako jikoni. Hata kama aliokoka na hajaigusa amalwa kwa miaka 40, bado anakumbuka. Muulize unga ulikuwa kiasi gani kwa wimbi kiasi gani, ulikaa siku ngapi, na alijuaje kwamba sasa imekuwa tayari. Toa simu, uandike yote anayosema. Wajapani wana wataalamu na vitabu vya kuwakumbusha. Sisi tuna yeye.